Mama kaanguka tena, tumwambie akae tu?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinazungumzia kitu kimoja, mzazi kaanguka, mzazi miguu haina nguvu, mzazi anaogopa hata kutoka chumbani, nikaona basi niziweke pamoja maana jibu la huyu linamsaidia na yule. Wengi mnaniita dokta. Mi sio dokta jamani, ni mtu wa fiziotherapia, yale mambo ya mazoezi ya viungo, na kazi yangu miaka yote hii imekuwa kuwasimamisha tena watu wazima walioangushwa na miguu yao wenyewe. Majina nimeyatoa na meseji ndefu nimezipunguza, msinune.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 76, ndani ya miezi minne kaanguka mara mbili, zote usiku akienda chooni. Ya kwanza hakuumia, ya pili alivimba mkono na shavu. Ana presha, ana sukari, analalamika nyayo zinamfa ganzi, alafu kuna kidonge cha usingizi anakitumia muda mrefu sasa. Baada ya ile ya pili watoto tulikaa kikao tukakubaliana asifanye chochote, hapiki, hafagii, chakula kinamfuata, maji ya kuoga yanamfuata. Huu mwezi wa pili naona anazidi kuishiwa nguvu, juzi kunyanyuka tu kwenye kochi ikabidi nimvute mkono. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hicho kikao chenu. Najua mlikuwa na hofu, na mkimwona amekaa kwenye kochi mnapumua, ila misuli ya mtu mzima isipopewa kazi inaondoka, tena haraka kuliko mnavodhani. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mmoja wa Marekani, walichukua watu wazima wa wastani wa miaka 67, wazima kabisa hawaumwi kitu, wakakubali kulala kitandani siku 10, na hizo siku 10 zikaondoka na karibu kilo nzima ya misuli ya miguuni. Siku 10! Mama yenu yuko kwenye kochi mwezi wa pili, ana presha na sukari, na kawazidi wale miaka karibu 10. Samahani kusema hivi, ila sehemu kubwa ya huo uchovu unaouona saizi mmeutengeneza wenyewe.

Sasa turudi kwenye anguko lenyewe. Mi nikikaa na mgonjwa simuulizi kwanini alianguka, maana kila mtu atakwambia "niliteleza" na mazungumzo yameisha hapo. Namwomba anisimulie zile dakika chache kabla hajafika chini. Hebu tumfuate mama usiku ule, kwa kubahatisha kidogo lakini si sana. Saa tatu kameza kidonge cha usingizi. Saa tisa kibofu kinamwamsha, sukari ikipanda mkojo unakuwa mwingi, na kama kwenye dawa zake za presha kuna ile ya kutoa maji alafu anaimeza jioni basi ataamka hata mara tatu. Ana haraka asije akalowesha, anakaa na kusimama kwa mpigo mmoja, damu inabaki miguuni, presha inaporomoka, kichwa kinakuwa chepesi, na kile kidonge cha saa tatu bado kimo mwilini. Taa hawashi asiwaamshe watu. Miwani iko mezani. Nyayo zina ganzi kwahiyo sakafu haisikii vizuri, ndala imelegea, kidole kinagusa ukingo wa zulia. Hapo sasa. Mimi na wewe tungejikwaa hapo hapo, tungetupa mguu mmoja mbele haraka tukajishika, na asubuhi hata tusingekumbuka. Huo mguu wa kujiokoa unatupwa na zile nyuzi za misuli zenye kasi, na hizo ndo zinazopungua zaidi umri ukisogea. Mguu wa mama umechelewa kidogo tu, keshafika chini.

Kwahiyo ukiniuliza mama aliangushwa na nini ntakwambia vitu vingi vilikutana saa tisa usiku. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Mary Tinetti, mwaka 1988 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 336 wa miaka 75 kwenda juu kwa mwaka mmoja. Asiyekuwa na kihatarishi chochote, yaani kitu cha kumwongezea hatari ya kuanguka, uwezekano wa kuanguka ulikuwa asilimia 8, mwenye vinne na zaidi asilimia 78. Na kwenye orodha yao dawa za kutuliza zilikuwemo, udhaifu wa miguu ulikuwemo, matatizo ya nyayo yalikuwemo, yaani ni kama walikuwa wanamwangalia mama yenu. Lakini soma hizo namba kwa upande wa pili, manake vihatarishi vinahesabika basi kila kimoja mkikitoa mzigo unapungua, hata kama umri wenyewe hamuwezi kuutoa.

Anzeni na presha. Alale chali dakika 5, mpimeni, asimame mkiwa mmemkaribia, mpimeni tena ndani ya dakika moja na tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo presha inaanguka akisimama, iandikeni kwenye karatasi mpelekeeni daktari wake. Watu wengi wanapimwa wakiwa wamekaa tu miaka na miaka, namba inaonekana nzuri, na hakuna aliyewahi kuangalia ikoje mtu akisimama. Alafu dawa zote, na nasema zote, hata zile za mafua na maumivu anazojinunulia mwenyewe, tieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo. Vidonge vya usingizi kama diazepamu, dawa za mzio zinazolewesha, amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, tramado ya maumivu makali, dawa za kutoa maji, dawa fulani za tezi dume kwa wale wenye baba, zote hizo zinaangusha watu wazima. Dawa za sukari pia, maana sukari ikishuka mno usiku mtu anatetemeka na kuona giza. ILA msimkatishe kidonge cha usingizi ghafla, aliyekitumia muda mrefu anapunguziwa taratibu na daktari, akikatishwa ghafla anaweza kupata hata degedege.

Usiku mwambieni akae ukingoni mwa kitanda kwanza, apandishe na kushusha nyayo mara 10 mpaka 15, kichwa kikitulia ndo asimame, ashike kitu, ahesabu mpaka tano, aende. Taa ndogo iwake usiku kucha. Chombo cha kukojolea pembeni ya kitanda sio aibu. Na kesho mchana nenda kaangalie ukuta wa njia ya chooni, angalia usawa wa kiuno na wa bega, kama kuna alama za viganja, ule weusi weusi wa mkono kupita hapo hapo kila siku, basi mama alikuwa anajishikilia ukutani muda mrefu kabla hajaanguka na hakumwambia mtu. Hapo ndo pa kufunga chuma cha kushikia. Chuma kweli kilichoshikwa na ukuta, ile fito ya kutundikia taulo mtu akiivuta kwa uzito wake inang'oka anaenda nayo.

Alafu mrudisheni jikoni. Aanze na vile vya kusimama dakika tano akiwa ameegemea meza, kesho kumi. Afagie chumba chake. Kiti cha kupumzikia kiwe karibu lakini kazi iwe yake. Hapo kwenye kuinuka kwenye kochi msimvute mkono, mwacheni ajisukume mwenyewe, nyie simameni pembeni mkijikaza.

SWALI: Nina miaka 69, mwanaume, kazi yangu ilikuwa ujenzi, nilikuwa nabeba mfuko wa saruji begani siwazi. Leo kunyanyuka kwenye kiti lazima nisukume kwa mikono, ngazi napanda moja moja, suruali zimelegea mapajani wakati tumbo liko pale pale. Wenzangu wanasema ni uzee tu. Ni uzee? Na kuna sindano ya kurudisha nguvu?

JIBU: Umri umo, ila neno "uzee tu" silipendi, linafunga mjadala. Hicho ulichonieleza kina jina, kinaitwa sakopenia, yaani misuli kupungua wingi na nguvu, jina lenyewe lilipendekezwa na Mmarekani Irwin Rosenberg mwaka 1989 kwa maneno ya Kigiriki ya nyama na upungufu. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini na kitu, ukishavuka sitini kasi inaongezeka, na nguvu inapotea haraka kuliko misuli yenyewe, ndo maana mtu unaweza kumwona na mguu wake mnene na bado hainuki. Tumbo kubaki pale pale wakati mapaja yanaisha wala usishangae, mafuta yanaweza kujaa palipoachwa na misuli na mzani usionyeshe kitu.

Jipime nyumbani. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, kunja mikono kifuani, simama kabisa mpaka magoti yanyooke, kaa, rudia mara 5 haraka uwezavyo na mtu akushikie saa. Wataalamu wa Ulaya waliokaa kuandika vigezo vya hii hali wanasema ikizidi sekunde 15 nguvu ya miguu imeshuka. Kingine, pima meta 4 sakafuni utembee mwendo wako wa kawaida, ukitumia sekunde 5 au zaidi mwendo wako umeshakuwa wa mashaka. Ukishindwa kuinuka hata mara moja bila mikono usijilazimishe, jibu umeshalipata.

Kabla ya mazoezi lakini, niondolee wasiwasi wangu mmoja. Udhaifu wa miguu haumaanishi sakopenia kila mara. Tezi ya shingo ikifanya kazi vibaya miguu inalegea, vitamini B12 ikipungua miguu inalegea (na wanaomeza metfomini ya sukari miaka mingi wawe macho hapo), ukiwa umetumia prednisoloni (ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini) kwa miezi mapaja na mabega ndo yanaisha nguvu kwanza. Kama udhaifu ulikuja ghafla, au ni upande mmoja, au unakonda bila kujinyima, au mkojo na haja kubwa vimeanza kukuponyoka pamoja na miguu kulegea, acha kusoma hii safu nenda hospitali, na hiyo ya mwisho ni leo leo.

Sindano ya nguvu hakuna. Dawa yake ni mzigo, na najua fundi kama wewe hilo utalielewa kuliko wengi. Mwaka 1990 huko Boston walichukua watu 10 wa kituo cha wazee, umri miaka 86 mpaka 96, mmoja alichomoka katikati tisa wakamaliza, wiki 8 wananyanyua uzito wa maana kwa mapaja, sio vile vya kuchezesha vidole, na nguvu ya mapaja ikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya walivoanza. Watu wa miaka 90! We una 69.

Zoezi lako la kwanza ni hilo hilo la kiti. Simama kawaida, kukaa ndo uende taratibu, hesabu moja, mbili, tatu mpaka makalio yaguse, usijibwage. Mara 8 mpaka 10, pumzika dakika, rudia, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki na katikati yake siku ya kupumzika. Ukianza unaweza kuweka mto kwenye kiti kiwe juu, au usukume kwa mikono kidogo. Mara 10 zikishakuwa rahisi ndo watu wengi wanapokosea, wanaongeza ziwe 20, ziwe 30. Usiongeze idadi, ongeza uzito, toa mto, kumbatia begi lenye vitabu, wiki ijayo ongeza kitabu. Usizuie pumzi, toa hewa unapoinuka. Mapaja kuuma siku mbili za mwanzo ni kawaida, goti kuuma kwa kuchoma sio kawaida, hapo kipandishe kiti. Ongeza na kusimama kwa vidole ukiwa umeshika meza, na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, karibu na ukuta. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema kuanzia miaka 65 mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba yawe siku 3 au zaidi kwa wiki. Watu wananiambia "mi natembea kila asubuhi", ni vizuri kwa moyo endelea, lakini kutembea tambarare peke yake hakukurudishii mapaja.

Chakula nacho. Mtu mzima anahitaji protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mwenye kilo 70 ni gramu 70 mpaka 84 hivi. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, ukijumlisha utaona chai na mkate asubuhi umeanza siku karibu na sifuri. Igawe kwenye milo yote, usisubiri usiku. Mwenye figo mbovu asifuate hesabu hii bila daktari wake.

SWALI: Nimesikia vitamini D inazuia wazee kuanguka. Kuna mtu kaniambia bora nimpe mama dozi moja kubwa ya mwaka mzima kuliko kusumbuana na vidonge kila siku. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Hilo lilishajaribiwa Australia, wanawake wa miaka 70 kwenda juu walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, matokeo yakatoka 2010, na waliopewa vitamini walianguka zaidi kwa asilimia 15 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, na kuvunjika pia walivunjika zaidi. Kipimo kikionyesha mama anayo pungufu atapewa kiasi chake cha kawaida ameze, basi. Hiyo ya mwaka mzima muachie huyo aliyekuambia.

SWALI: Mama mkwe wangu alianguka kama wiki mbili tatu zilizopita akagonga kichwa, hakutoka damu akasema yuko sawa. Anatumia wafarini ya kufanya damu iwe nyepesi. Tangu juzi analala sana mchana na anachanganya majina ya wajukuu, kichwa kinamuuma. Ni uchovu au ndo kusahau kwa uzee kunaanza?

JIBU: Huyu nilimjibu dakika ile ile meseji ilipoingia, sikusubiri gazeti, nikamwambia mpeleke SASA. Naiweka hapa kwa ajili yenu wengine. Kwa mtu mzima damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu kwa siku na wiki baada ya kugonga kichwa, na akiwa kwenye dawa za kulainisha damu hatari ni kubwa zaidi. Dalili ndo hizo, usingizi wa mchana, kuchanganya maneno, kichwa, wakati mwingine mguu mmoja unaburuta. Aliye kwenye hizo dawa akigonga kichwa anaenda kuangaliwa siku hiyo hiyo hata kama anacheka na kuomba chai. Na mkiwa hapo hapo, mtu mzima kaanguka, hawezi kukanyaga, mguu mmoja unaonekana mfupi na nyayo imegeukia nje, hiyo ni nyonga iliyovunjika hadi picha ya eksirei iseme vinginevyo, msimsimamishe "ajaribu", msimkande.

SWALI: Baba ana miaka 81, goti la kulia limeisha. Fimbo hataki, anatembea akishika shika meza na viti. Tulivomlazimisha akaishika mkono wa kulia, ule ule wa goti bovu, tunaona kama anayumba zaidi. Pia kapata miwani mipya ile ya vioo viwili kwa kimoja, anasema ngazi zinamchezea.

JIBU: Fimbo anaishika vibaya na hayuko peke yake, karibu kila mtu anafanya hivo kwasababu akili inasema tegemeza panapouma. Goti la kulia fimbo mkono wa kushoto, fimbo na mguu mbovu vinaenda mbele pamoja, uzito unagawanyika, alafu mguu mzima unafuata. Urefu wake, avae viatu, asimame mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, akishika kiwiko kipinde kidogo. Ikiwa ndefu inamsukuma nyuma, fupi inamwinamisha. Geuza chini uangalie kile kipira, kikishakuwa laini kimeng'aa bila mistari badilisha, hiyo ni tairi kipara. Kwenye ngazi mguu mzima unapanda kwanza, mbovu unashuka kwanza, na mkono mmoja kwenye reli daima.

Kuhusu miwani yuko sahihi, msimwone msumbufu. Sehemu ya chini ya hiyo miwani ni ya kusomea, imetengenezwa kwa kitu kilicho karibu na uso, sasa akiangalia chini kutafuta ngazi anaiona kupitia hapo, ukingo unakuwa ukungu. Awe na miwani nyingine ya kioo kimoja cha mbali kwa ajili ya kutembea na ngazi. Na aangaliwe mtoto wa jicho wakati huo huo, kuutoa kunapunguza kuanguka.

Jaribio dogo, tembea naye kama kawaida alafu mpe stori ya maana, muulize jambo la kufikiri. Akisimama kabisa ili akujibu, kumbuka hiyo. Waswidi waliliandika mwaka 1997, wazee waliosimama walipoongeleshwa ndio walioanguka zaidi baadae, maana kutembea kwao kumeshakuwa kazi ya akili nzima. Mtu wa hivo usimwite kwa nyuma akiwa ngazini.

Kumshawishi sasa, mi nimegundua neno "utaanguka" halijawahi kumfanya mzee yeyote akubali fimbo. Kuna mmoja alinikatalia miezi, siku mwanae alipompeleka akachague mwenyewe akarudi na moja nyeusi ya mti mzito, akawa anaipaka mafuta kila jioni kwa kitambaa, na akawa hatoki bila hiyo. Mwacheni achague.

SWALI: Nina miaka 72, naishi peke yangu. Sijawahi kuumia ila nilianguka mwaka jana nikakaa chini muda mrefu nikishindwa kuinuka. Tangu hapo naogopa, nimepunguza kutoka. Nisaidie.

JIBU: Shikamoo mama. Hiyo hofu naielewa, ila nayo ni kihatarishi, ukiogopa unapunguza kutembea, unatembea kwa vihatua vifupi umekakamaa unaangalia vidole, miguu inapungua nguvu, na duara linazunguka. Kilichokutisha nadhani si kuanguka kwenyewe, ni ule muda wa kukaa chini. Na una haki, mtu akilala sakafuni zaidi ya saa moja misuli iliyolaliwa inaumia, anapata baridi, anakosa maji, figo zinaweza kuathirika. Kwahiyo tujifunze kuinuka, na mara ya kwanza fanya mtu akiwepo, mchana, kwenye godoro au zulia nene.

Ukifika chini usikurupuke. Tulia, vuta pumzi, jikague, sogeza vidole vya miguu, kichwa, mkono mmoja mmoja. Nyonga ikiuma sana au mguu haukubali, usiinuke, ita watu, jifunike chochote kilicho karibu na uwe unageuka geuka kidogo. Kama uko sawa, geukia ubavu, jisukume kwa kiwiko kisha kiganja mpaka uwe kwa magoti na mikono. Tambaa mpaka kwenye kiti kigumu, kile kisichoteleza. Weka mikono yote miwili juu ya kiti. Leta mguu wenye nguvu mbele, nyayo nzima ikanyage chini, goti jingine libaki sakafuni. Sasa sukuma kwa mikono na ule mguu, inuka, zungusha makalio, kaa. Pumzika hapo dakika kadhaa kabla ya kusimama, usije ukaanguka tena kwa presha. Magoti yakikataa kukanyaga sakafu weka mto chini yake. Fanya mara moja kwa wiki na lile zoezi la kiti nililompa fundi hapo juu siku tatu.

Na simu. Wengi wanaoishi peke yao simu iko mezani, wao wako chini ya meza. Shona mfuko kwenye gauni la nyumbani au ivae shingoni kwa kamba, uende nayo mpaka bafuni. Kubalianeni na mtu mmoja kwamba kila asubuhi kabla ya saa mbili utamtumia meseji, hata nukta tu, na asipoiona anakuja kugonga. Awe na ufunguo.